Mechi tatu za Maria Pepe: jinsi lango la besiboli ya watoto lilivyofunguliwa New Jersey

Mwaka 1972, katika mji wa Hoboken, jimbo la New Jersey nchini Marekani, msichana wa miaka 12 aitwaye Maria Pepe alisimama kwenye kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja wa besiboli, akaichezea timu yake mechi tatu akiwa mrushaji, kisha akaambiwa kwamba hatacheza tena. Hakuwa amevunja kanuni yoyote ya mchezo, hakugombana na mtu, wala hapakuwa na mwenzake aliyemzidi uwezo akachukua nafasi yake. Aliondolewa kwa sababu kanuni za Little League, chombo kinachosimamia besiboli ya watoto, ziliruhusu wavulana peke yao. Miaka miwili baadaye kanuni hiyo ilikuwa imefutwa. Iliyoifuta ni amri iliyotolewa chini ya sheria ya jimbo, sheria ambayo watu wengi waliifahamu kwa habari za hoteli, mikahawa na majumba ya sinema.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya msichana hodari aliyeushinda ulimwengu wa wanaume. Hodari alikuwa kweli, lakini masimulizi hayo yanaficha jambo lenye faida zaidi kwa yeyote anayetaka kuelewa jinsi haki ya mtoto kucheza inavyopatikana na jinsi inavyoweza kuchelewa. Shauri la New Jersey halikuamuliwa kwa kupima nguvu za Maria. Liliamuliwa kwa kuuliza ni nani anayewajibika kutoa sababu: mtoto anayebisha hodi, au aliyelifunga lango. Swali hilo lilipokaa mahali pake, hoja za upande wa pili zilianza kupukutika moja baada ya nyingine.

Little League ilianzishwa mwaka 1939 katika mji wa Williamsport, Pennsylvania, na Carl Stotz, aliyetaka wavulana wa mtaani kwake wawe na uwanja wa kimo chao na sare kama za wakubwa. Wazo hilo lilienea Marekani na baadaye nchi nyingine. Wasomaji wa Afrika Mashariki huenda wanaikumbuka timu ya Lugazi ya Uganda, ambayo mwaka 2012 ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia huko Williamsport. Nguvu ya chombo hiki iko katika utaratibu wake wa kutoa hati. Ligi ya mtaa inaendeshwa na wazazi na makocha wa kujitolea, viwanja mara nyingi ni vya manispaa, wadhamini ni maduka na vyama vya hapohapo. Lakini jina, kinga ya bima na nafasi ya kuingia kwenye mashindano ya juu vinatoka makao makuu. Hati ikiondolewa, ligi nzima inabaki bila kitu. Chombo chenyewe nacho kilikuwa na hati ya heshima kutoka juu zaidi: tarehe 16 Julai 1964 kilipewa hati ya kutambuliwa kwa sheria ya Bunge la Marekani, ambayo ilitaja kuwalea wavulana katika uraia mwema, uanamichezo na uanaume.

Kanuni ya kuwafungia wasichana nje ina historia yake. Mwaka 1950, katika mji wa Corning, jimbo la New York, msichana aitwaye Kathryn Johnston alikatwa nywele zake ndefu zilizosukwa, akaficha zilizobaki ndani ya kofia, akajiandikisha kwa jina la utani la Tubby na kufaulu majaribio ya timu ya King's Dairy. Alipomweleza kocha wake ukweli, kocha alimwacha aendelee, kwa kuwa nafasi alikuwa ameipata kwa uwezo wake. Makao makuu hayakuona hivyo. Mwaka uliofuata kanuni ikawekwa wazi kwamba wasichana hawaruhusiwi. Ninalitilia mkazo tukio hili kwa sababu linaonyesha mfuatano wa mambo: msichana alicheza kwanza, akacheza vizuri, na ndipo kanuni ikaandikwa. Sababu za kitabibu tutakazozikuta mahakamani miaka zaidi ya ishirini baadaye hazikuwa chanzo cha kanuni hiyo. Zilitafutwa baadaye ili kuitetea.

Hoboken ni mji mdogo ukingoni mwa Mto Hudson, ukitazamana na Manhattan. Wenyeji wake wana fahari ya pekee kuhusu besiboli, kwani katika viwanja vya Elysian Fields vya mji huo ndiko ulikochezwa, mwaka 1846, mchezo unaotajwa kuwa miongoni mwa ya kwanza iliyopangwa kwa kanuni zilizoandikwa. Maria alikulia humo akicheza mtaani na wavulana wa rika lake. Wenzake walipokwenda kujiandikisha, naye alifuatana nao, na alikuwa amesimama pembeni kocha Jim Farina alipomuuliza kwa nini hajiandikishi. Alipojibu kwamba yeye ni msichana, kocha alitaka kujua jambo moja tu, kama anaweza kucheza. Fomu ikajazwa, timu ikampokea, sare akapewa, na mechi zilipoanza aliwekwa mahali ambapo kocha hamweki mtoto kwa kumhurumia, kwa maana mrushaji ndiye anayeushika mchezo mkononi.

Malalamiko yaliyofika makao makuu yalizaa onyo, na onyo hilo linastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko wasimulizi wengi wanavyofanya. Little League haikuhitaji kumfikia Maria wala kubishana na wazazi wake. Iliiambia ligi ya Hoboken kwamba ikiendelea naye itapoteza hati, na kwa hiyo bima, na watoto wengine wote wa mji ule wangekosa msimu. Kwa njia hiyo mzigo ulihama kutoka mabegani mwa waliotunga kanuni ukamwangukia mtoto wa miaka 12, aliyejikuta anachagua kati ya kucheza yeye na kucheza wavulana wapatao mia. Kocha Farina alilazimika kumpelekea habari hiyo mwenyewe.

Nimewahi kukaa mezani nikiandikisha watoto kwa mashindano ya kata, daftari limefunguliwa mbele yangu na foleni imefika hadi mlangoni, na najua jinsi mwandikishaji wa kujitolea anavyokuwa hana ubavu anapoambiwa kwamba jina moja litaiponza timu nzima. Kalamu inakuwa nzito, unamtazama mtoto, unatazama foleni nyuma yake, kisha unafanya usichokiamini. Ndiyo maana siwalaumu watu wa Hoboken. Lawama ni ya utaratibu unaoweza kuwageuza watu wema kuwa walinzi wa lango ambalo wao wenyewe wangelifungua.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na tawi la Essex la chama cha kutetea wanawake, National Organization for Women, lililopeleka malalamiko katika Kitengo cha Haki za Kiraia cha New Jersey. Chama ndicho kilichokuwa mlalamikaji, na hata leo anayelitafuta shauri hili katika vitabu vya sheria atakuta jina la chama hicho na la Little League, wala hatakuta la msichana. Uamuzi wa kwenda kwenye chombo cha jimbo ulikuwa wa busara kuliko ulivyoonekana wakati ule, na ili kuuelewa hatuna budi kutazama milango mingine iliyokuwapo.

Mlango wa kwanza ni sheria maarufu ya Title IX, iliyotiwa saini tarehe 23 Juni 1972, mwaka uleule ambao Maria aliondolewa. Watu wengi hudhani kwamba ndiyo iliyowafungulia wasichana kila uwanja nchini Marekani. Sivyo. Sheria ile inakataza ubaguzi wa jinsi katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, na Little League haikuwa shule. Mlango wa pili ni Katiba ya Marekani yenyewe, lakini ahadi yake ya usawa mbele ya sheria huibana serikali na haiwabani watu binafsi, hivyo anayeitegemea lazima kwanza aonyeshe mkono wa dola ndani ya kitendo anacholalamikia.

Ugumu wa mlango huo wa pili ulionekana dhahiri Michigan. Mwaka 1973, mjini Ypsilanti, msichana wa miaka 12, Carolyn King, alipata nafasi katika timu ya Little League kwa kufaulu majaribio. Baraza la mji lilisimama upande wake na kuiambia ligi kwamba ikimwondoa haitatumia viwanja vya mji; makao makuu yakajibu kwa kuiondolea ligi hiyo hati. Mji na msichana walikwenda katika mahakama ya serikali kuu, na mwaka 1974 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Sita (yaani eneo la kimahakama linalojumuisha Michigan) ikakubali kwamba shauri litupwe, kwa kuwa haikuona uhusiano wa kutosha kati ya dola na kitendo cha Little League. Tazama basi jinsi mambo yalivyokuwa: wasichana wawili wenye umri mmoja, kanuni moja, chombo kimoja, na miaka ileile, mmoja alikuwa na baraza zima la mji nyuma yake akashindwa, na mwingine, ambaye ligi yake ilikubali kumwondoa, akawa chanzo cha ushindi. Tofauti ilikuwa sheria iliyotumika. Sheria ya New Jersey ya Kupinga Ubaguzi haikuuliza kama dola imeshiriki. Iliuliza kama mahali panapohudumia umma pamemfungia mtu kwa sababu ya jinsi yake, na kigezo hicho cha jinsi kilikuwa kimeingizwa katika kifungu cha huduma kwa umma mwaka 1970 tu, miaka miwili kabla ya Maria kuvaa sare.

Shauri lilisikilizwa na Sylvia Pressler, mwanasheria aliyekuwa afisa msikilizaji wa Kitengo kile na ambaye baadaye alipanda hadi kuwa jaji wa ngazi ya rufani katika jimbo hilo. Shahidi mkuu wa Little League alikuwa Creighton Hale, makamu wa rais mtendaji wa chombo hicho, msomi wa fiziolojia. Alisema kwamba miili ya wasichana wa miaka 8 hadi 12 haifai kwa mchezo ule: mifupa yao ni dhaifu kuliko ya wavulana, na wepesi wao wa kuuitikia mpira unaokuja kwa kasi ni mdogo. Kuhusu mifupa aliegemea, pamoja na mengine, utafiti uliofanywa Japani kwa kupima mifupa ya maiti za watu wazima.

Hapa inafaa msomaji asimame kidogo. Swali lililokuwa mezani lilihusu watoto walio hai, wenye umri wa kuanzia miaka 8 hadi 12, wanaokimbia kwenye viwanja vya New Jersey, na jibu lililoletwa lilitokana na mifupa ya watu wazima waliokufa upande wa pili wa dunia. Sisemi hivyo kwa kumdharau Hale, ambaye ana sifa yake katika mchezo huu: ni miongoni mwa waliobuni kofia ngumu ya mpigaji inayofunika masikio yote mawili, iliyookoa vichwa vya watoto wengi. Lakini kofia hiyohiyo ndiyo inayoivunja hoja yake. Fuvu la mvulana wa miaka kumi halikuumbwa kupokea mpira mgumu uliorushwa kwa nguvu, na Little League ilipolitambua hilo haikuwafungia wavulana nje ya uwanja; ilikaa chini ikatengeneza kofia. Hatari ilipomkabili mvulana, tiba ilikuwa kumkinga. Hatari ileile ilipodhaniwa kumkabili msichana, tiba ikawa kumwondoa. Hakuna mfupa wa Kijapani unaoweza kuieleza tofauti hiyo.

Upande wa walalamikaji ulimleta Joseph Torg, daktari wa mifupa wa Philadelphia aliyezoea kutibu majeraha ya watoto wanaocheza. Alipinga dai la udhaifu, akieleza kwamba katika umri ule wasichana hutangulia kukomaa, na hakuna sababu ya kuamini kwamba mifupa yao ni rahisi zaidi kuvunjika. Pressler alilinganisha ushahidi wa pande zote mbili na kumwamini huyu. Palizungumzwa pia madai kwamba mpira ukimgonga msichana kifuani unaweza kumletea saratani baadaye, na madai hayo hayakupata ushahidi wa kuyasimamisha. Nayataja kwa sababu hofu za aina hii zina maisha marefu: mama huisikia mahali, akampa binti yake, naye akampa wake, na mwishowe hakuna anayekumbuka kwamba hapakuwa na daktari aliyewahi kuithibitisha.

Baada ya miili zikaja nafsi. Little League ilileta mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyesema kwamba watoto wa umri ule kwa asili hupenda kukaa na wa jinsi yao, na kwamba kuwachanganya kwaweza kuwadhuru. Walalamikaji nao wakaleta mtaalamu wa fani hiyohiyo, mwanamke, aliyeona kwamba ni afya zaidi kwa msichana kupewa nafasi ya kujipima na wenzake. Mimi hoja ya asili hainishawishi hata kidogo. Mtoto anayependa kwa asili kukaa na wavulana wenzake hahitaji kanuni ya kumlinda dhidi ya msichana, na msichana asiyetaka kucheza hatakwenda kupanga foleni.

Tarehe 7 Novemba 1973 Pressler alitoa uamuzi wake. Sentensi yake iliyonukuliwa zaidi inasema kwamba Little League ni ya Kimarekani kama soseji katika mkate na pai ya tufaha, na kwamba hakuna sababu ya kuwanyima wasichana sehemu hiyo ya utamaduni wa nchi yao. Ni maneno mepesi, yenye harufu ya jikoni, lakini yamebeba uzito wa kisheria. Little League ilikuwa imejijenga kwa miongo mitatu kwa kusema kwamba ndiyo shule ya taifa ya tabia njema. Pressler aliichukua sifa hiyo kama ilivyo na kuuliza: ikiwa ni kweli kwamba hapa ndipo raia anapofundwa, kwa nini nusu ya raia wafundwe na nusu wabaki nje ya uzio? Kadiri chombo kilivyojisifu kwamba ni cha watu wote, ndivyo kilivyozidi kukosa njia ya kudai kwamba ni jambo la faragha.

Rufani ilisikilizwa na majaji watatu, na tarehe 29 Machi 1974 wawili kati yao waliukubali uamuzi huo, mmoja akapinga. Hukumu ya walio wengi iliandikwa na Jaji Conford, na kiini chake ni neno moja dogo: mahali. Little League ilijitetea kwamba sheria inahusu mahali pa kuhudumia umma, na yenyewe si mahali; ni shirika, ni wazo, ni kitabu cha kanuni, na haina jengo lolote katika New Jersey. Ni hoja ya kijanja, na jaji aliyepinga aliona ina uzito. Conford alijibu kwamba neno mahali limewekwa katika sheria kwa ajili ya wepesi wa kueleza, wala halikuwekwa kuwa mpaka. Na kama mahali panatafutwa, akaonyesha, papo: ni uwanja ambapo watoto wanafanya majaribio, wanafundishwa, wanafanya mazoezi na kucheza mechi. Anayesimama kwenye uwanja ule kwa siku moja ataelewa bila kufungua kitabu. Mistari ya chokaa imechorwa, benchi limejaa watoto, wazazi wameegemea uzio. Hapo ndipo huduma inapotolewa, na hapo ndipo Maria alipoambiwa haipo kwa ajili yake.

Utetezi mwingine ulikuwa kwamba ligi ni jambo binafsi kama klabu. Mahakama ilitazama jinsi ligi inavyopata wachezaji wake: inawaita watoto wote wa eneo kwa tangazo la wazi, na haimchagui mtu ila kwa umri, makazi na uwezo. Anayeita mji mzima hawezi, wageni wakishafika, kudai kwamba ile ilikuwa karamu ya familia. Sheria iliacha nafasi kwa sehemu ambazo kwa busara hutengwa kwa jinsi moja, mathalani vyumba vya kubadilishia nguo na mabafu, lakini uwanja wa wazi ambamo watoto wamevaa sare kuanzia shingoni hadi miguuni haufanani na bafu. Kuhusu hati ya Bunge ya mwaka 1964, mahakama haikukubali kwamba kutajwa kwa wavulana katika hati hiyo kulilinyang'anya jimbo mamlaka ya kukomesha ubaguzi ndani ya mipaka yake. Baadaye, mwaka huohuo wa 1974, Mahakama ya Juu Kabisa ya New Jersey iliithibitisha hukumu hiyo.

Upinzani ulikuwa mkali. Ligi nyingi za mitaa katika jimbo zilisimamisha maandalizi ya msimu wa 1974 zikisema ni afadhali pasiwe na mchezo kuliko kucheza na wasichana, na wazazi kwa maelfu walitia saini kupinga. Tukumbuke onyo la Hoboken: mwaka 1972 wavulana walitishiwa kukosa msimu ikiwa msichana atacheza, na mwaka 1974 wakatishiwa hivyohivyo na wazazi wao wenyewe. Katika nyakati zote mbili wavulana ndio waliowekwa rehani, na katika nyakati zote mbili hakuna aliyewauliza wao, waliokuwa wamekwisha kucheza na Maria mtaani kwa miaka bila mtu kuvunjika.

Mwezi Juni 1974 Little League ilitangaza kwamba itawapokea wasichana. Mahali pengine mashauri yalikuwa bado yanaendelea, na mwaka 1975 mahakama ya rufani ya serikali kuu katika Mzunguko wa Kwanza ilimpa ushindi msichana wa Rhode Island aliyefungiwa na ligi ya Darlington, ikiona kwamba ligi ile ilitegemea viwanja vya mji kwa kiasi cha kutosha kuufanya ubaguzi wake uhusishwe na dola. Tarehe 26 Desemba 1974 Rais Gerald Ford alitia saini marekebisho ya hati ya mwaka 1964. Neno wavulana likaondolewa, likawekwa vijana. Neno uanaume nalo likafutwa, vikabaki uraia mwema na uanamichezo. Naona marekebisho haya ya maneno machache ni muhimu kuliko yanavyochukuliwa, kwa sababu hati iliyoandikwa wavulana ilikuwa imetumika kama ngao mahakamani. Kuifuta ilikuwa kumnyang'anya mlinzi wa lango karatasi aliyokuwa akiionyesha kila aliyebisha hodi.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1974 Little League ilianzisha programu ya softiboli kwa wasichana, mchezo wa ukoo mmoja na besiboli ambao mpira wake ni mkubwa zaidi na hurushwa mkono ukipita chini, na karibu wasichana 30,000 walijiandikisha. Idadi hiyo peke yake inajibu dai kwamba wasichana hawana hamu. Nina maoni mawili yanayovutana juu ya programu hii. Ilifungua viwanja kwa wasichana wengi ambao pengine wasingethubutu kuingia timu ya wavulana peke yao, na kwa hilo inastahili shukrani. Lakini ilijenga pia mfereji: msichana anayekwenda kujiandikisha besiboli huelekezwa kwa upole upande wa pili wa meza, na haki aliyoipata kwa amri ya mahakama hubaki kwenye karatasi bila mtu yeyote kuikiuka waziwazi. Hapana kanuni ya kushitaki, kuna ushauri tu. Ndiyo maana kwa miaka mingi msichana katika timu ya besiboli ya Little League ameendelea kuwa mmoja kati ya wengi. Katika fainali za dunia, wa kwanza alikuwa Victoria Roche, aliyecheza mwaka 1984 na timu iliyotoka Brussels, Ubelgiji. Ilichukua miaka mingine 30 hadi Agosti 2014, Mo'ne Davis wa Philadelphia, mwenye miaka 13, aliporusha mechi nzima dhidi ya timu ya Nashville bila wapinzani kupata hata pointi moja, akawa msichana wa kwanza kupata ushindi akiwa mrushaji katika fainali hizo. Aliifanya kazi ileile aliyokatizwa Maria.

Kwa Maria mwenyewe amri ilikuja ikiwa imechelewa. Ukomo wa umri katika kundi lile ulikuwa miaka 12. Uamuzi wa Pressler ulipotoka alikuwa ameuvuka, na rufani ilipokwisha alikuwa na miaka 14. Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa ya njia nzima, pamoja na uzuri wa hukumu zake. Miezi kumi na minane ni muda mfupi kwa mahakama. Wanasheria wa pande zote mbili wangesema shauri lilikwenda haraka. Kwa mtoto wa miaka 12 ni msimu wake wa mwisho na ule ambao ungefuata. Haki ya mkulima juu ya shamba inaweza kungoja, shamba likabaki mahali pake. Haki ya mtoto kucheza na rika lake huisha yeye akikua, hata kama faili liko mezani na hoja zimekamilika. Chombo kinachofungua lango kwa kuchelewa humfungulia mtoto mwingine. Kama kuna jambo ambalo wasimamizi wa mashauri ya namna hii wangepaswa kulitafuta tangu siku ya kwanza, ni amri ya muda ya kumwacha mtoto uwanjani wakati wakubwa wanabishana, maana akishinda baada ya kuvuka umri atapewa karatasi, na akicheza kisha akashindwa hapakuwa na aliyedhurika.

Mwaka 2004, miaka thelathini baada ya hukumu, Little League ilimwalika Maria Pepe Williamsport kurusha mpira wa ufunguzi wa fainali za dunia. Creighton Hale, aliyekuwa mzee sasa, alimwendea na kumwambia kwamba mjukuu wake wa kike anacheza.